Mama Invego Hajafa

Deo,

Leo alasiri Salehe dereva amekuja hotelini kunipa pole ya kifo changu.

Alisimama mlangoni, kofia mkononi, kifurushi cha sukari kwapani. Aliponiona nimeshika birika akasita kama mtu aliyekosea nyumba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Vipi Salehe, gari limekufa njiani?"

"Gari zima, mama." Akanisogelea. "Deo si mwanao?"

"Ni mwanangu."

"Wa kumzaa?"

"Salehe, chai yangu umeinywa miaka yote hii, leo unaniuliza ukoo? Sema kilichokuleta."

Ndipo akasema. Wiki iliyopita alikuwa Mbeya. Karani wa mahakama alimwagiza akuchukue vizuri kwenye lori lake, maana wewe ni kijana uliyefiwa na mama. Salehe akasema inna lillahi, mama wa chai amekufa nami sina habari. Akanunua sukari ya matanga. Njia nzima alikuwa akiniombea.

"Sasa mama," akaniuliza, "sukari hii nirudi nayo?"

"Iache hapo. Marehemu anakunywa chai tamu."

Akacheka, nami nikacheka, maana ningefanya nini mbele ya wateja. Alipoondoka nilikaa juu ya gunia la ulezi, na hasira iliyonipanda, Deo, haikunipanda hata siku ile ya baraza.

Nakuandikia kwa sababu siwezi kukupigia kelele. Mama mwingine angekufuata huko Kasense kwa mjomba wako, ulikokwenda kuaga, akakushika sikio mbele ya watu, na watu wangesema mama wa watu amekasirika, yataisha. Mimi nikikukemea watasema mchawi anamlaani mwanawe. Tairi la Salehe likipasuka Tunduma, ni mimi. Ukipata homa Mbeya, ni mimi. Kwa hiyo hasira yangu lazima ikae kwenye karatasi, isitoe sauti. Haki ya kumgombeza mtoto wangu waliichukua wao zamani, na sasa wewe umekuja kuchukua iliyobaki, ile ya kuwa mama tu.

Blanketi, viatu na kwinini vimo sandukuni. Mengine ya safari sitayaandika. Barua hii utaikuta juu ya sanduku ukirudi leo usiku.

Najua kwa nini uliniua. Ulipokwenda Mbeya kuhojiwa kwa kazi hii ya ukalimani walikuuliza wazazi wako ni nani, ukapiga hesabu, ukaona yatima anaonewa huruma na mtoto wa Mama Invego anaogopwa. Hesabu yako haikukosea. Ndiyo maana inauma.

Ulipokuwa mdogo watoto walikuimbia jina hilo ukienda kisimani. Siku moja ulirudi na ndoo tupu ukaniuliza, "Mama, invego ni nini?" Nikakuambia nyamaza, rudi ukachote maji. Leo nakujibu. Unakwenda kulipwa mshahara kwa kugeuza Kiingereza, basi anza na neno hili moja.

Baba yako alipokwenda Lupa kutafuta dhahabu akapata mke huko, nilibaki na wewe, jembe, na shamba la mteremkoni Kasense. Unajua kazi ya ntumba. Mvua zikiwa zinaelekea mwisho, nyasi bado mbichi, unazikata pamoja na udongo wake, unazigeuza, unazifukia katika matuta ya duara ziozee humo, na msimu unaofuata ardhi inakulipa. Ni kazi ya kuvunja mgongo, mtu mmoja haiwezi. Ndiyo maana unapika pombe ya ulezi, unaita watu, wanalima, wanakunywa, wanakwenda zao. Ufipa yote inafanya hivyo. Hata waliokuja kunitenga walikuwa wamelimiwa hivyo hivyo.

Mwaka ule vijana wote wenye nguvu walikuwa kwenye barabara. Mzungu aliyepewa kazi ya kuitengeneza alipiga kambi ng'ambo ya mto, na kila mtu ana kipande chake, kadi ya kazi, siku ya kazi inawekewa alama, siku usiyofika hupati. Nikaona nyasi zangu zinaanza kukauka. Nikaenda kambini jua likiwa bado juu, sikujificha.

"Ndugu zangu," nikawaambia, "huku mnakula nini?"

"Unga na maharage, dada," mmoja akajibu. "Na wadudu wa maharage, hao ndio nyama."

"Kwangu kuna mbuzi wawili na mitungi sita."

"Dada, kipande changu kitalala bila alama."

"Kipande kinaliwa?"

Wakacheka. Wakaja kumi na wanne. Niwie radhi, lakini mimi kila jambo nalipigia hesabu, wala sikuwahi kufundishwa na mtu: mbuzi mmoja kwa watu saba. Kambini mbuzi walimwona akipita kwenda mezani kwa Mzungu, wakabaki na harufu. Hesabu hiyo haihitaji dawa wala hirizi. Walilima siku mbili, wakakusanya nyasi zote za mteremko ule, wakaimba, wakalewa, wakarudi kambini. Niliwabembeleza, sikatai. Niliwasifia mikono yao. Nilimwambia mmoja kwamba baba yake angemwona anavyogeuza udongo angejivuna, na baba yake nilikuwa simjui.

Mzungu wa barabara akapeleka mashtaka bomani.

Diisii, mkuu wa wilaya, alikaa nje kwenye meza, na uwanja ulijaa, maana siku hiyo kulikuwa na kesi ya ng'ombe iliyokuwa imevuta watu kutoka Pito mpaka Milanzi. Wewe nilikuwa nimekubeba mgongoni ingawa ulikuwa mkubwa wa kutembea, kwa kuwa ulikuwa na homa. Mzungu wa barabara akaanza kusema, na kila aliponinyooshea kidole nilisikia neno lile lile likirudi. Invego. Invego. Karani Paskali, aliyekuwa mkalimani wa boma, akainua mkono kuomba nafasi. Akafungua kamusi yake, kubwa kama tofali, akapitisha kidole, akasoma kimoyomoyo huku midomo inacheza. Akaifunga. Akasimama wima kama anayesoma Injili.

"Bwana anasema, mama huyu amewafunga watu macho, wakaenda kumlimia shamba lake."

Wewe ni Mfipa, sina haja ya kukueleza. Lakini nitakueleza, kwa kuwa umeamua kujifanya mgeni. Hapa kwetu mtu akiamka asubuhi mwili unamuuma, viganja vimechubuka, na hakumbuki alilofanya, watu wanajua: mchawi alimfunga macho akamchukua kumlimisha. Hadithi hiyo kila mtoto ameisikia kabla ya kuota meno. Sasa angalia alichosema Karani. Kufungwa macho. Kulima. Shamba la mwanamke asiye na mume ambaye mazao yake ni mazuri kuliko ya majirani. Hakubakiza kitu. Angekaa mwezi mzima akitafuta maneno ya kunimaliza asingepata yaliyo bora.

Bibi mmoja akamfunika mjukuu wake uso kwa upande wa kanga.

"Mama," Karani akaniuliza, "ni kweli uliwafunga macho?"

Hapa ndipo nilipoharibu, na kosa hili sitamsukumia mtu. Nilikuwa na ulimi. Nilizoea kuwajibu watu wakacheka, na mtu akicheka nilihesabu nimeshinda. Nikasema, "Kama nyama ya mbuzi inafunga macho, basi niliwafunga, na mimi mwenyewe nilijifunga nilipolamba vidole."

Hakucheka hata mmoja. Karani akamgeukia Diisii akasema neno moja, fupi, ambalo hata mimi nililijua. Yesi.

Umeelewa lilivyokwenda? Nilitoa sentensi nzima, yenye mbuzi, yenye vidole, yenye kejeli, na ng'ambo ya pili ikafika yesi. Mzaha wangu Karani aliuacha uwanjani, uwanja ukauchukua kuwa ungamo.

Diisii akanitoza faini kwa kuwatoa watu kwenye kazi ya mkataba, akaita kesi ya ng'ombe. Yeye hakujua lolote lingine. Mpaka leo, popote alipo, anadhani alinihukumu yeye. Hukumu yangu ilitolewa na watu waliokaa chini kwenye nyasi, bila kusema neno.

Na wale kumi na wanne? Nilingoja mmoja asimame aseme, jamani, tulikwenda kwa miguu yetu, tulifuata nyama. Yule wa kipande ndiye aliyesimama. Akasema kweli siku ile kichwa chake kilikuwa kizito, hakumbuki jinsi alivyotoka shambani. Kichwa kizito kilitokana na mitungi sita, Deo. Lakini fikiri kama mfanyabiashara: aliyetoroka kazi ana kosa, aliyefungwa macho hana kosa. Karani aliwafungulia mlango na wote wakapita. Hawakuniamini mchawi, wale. Walijua walichokula. Ilikuwa nafuu kwao niwe mchawi, basi.

Msimu uliofuata nilipika pombe, nikaita watu. Ilichacha mpaka nikaimwaga. Nilipofika kisimani wanawake walijitwisha ndoo zikiwa nusu. Mtoto wa jirani akafa kwa surua, na wiki hiyo hiyo matuta yangu yote yakakutwa yamefumuliwa. Nikamwachia mjomba wako shamba, nikakuchukua wewe na birika, nikaja Milanzi. Hata huku mji ulikuwa umeshasikia. Mwenyeji hakunywa chai yangu; nani ale kwa mchawi. Walikunywa madereva, watu wa Mbeya, watu wa Mpanda, watu wasiokaa. Nimekulea na kukusomesha kwa vikombe vya watu wanaopita. Ndio hao hao sasa wanaambiwa nimekufa.

Sasa neno lenyewe.

Nililihifadhi kichwani kwa sauti, maana sikujua Kiingereza huliandikaje. Miaka ilipita. Siku moja padri mzee, yule Mfaransa aliyekuwa akipitia hapa kununua mikate, alikuwa peke yake mezani. Nikamwuliza, "Baba, invego ni nini?"

"Sema tena, Natalia."

"Invego. Neno la Kiingereza."

Akalisema yeye polepole, akalisema mara ya pili kwa namna nyingine, halafu akatikisa kichwa akicheka. "Hilo si lao. Hilo walilichukua kwetu. Sisi tunasema avego. Maana yake kipofu."

Nikasimama. Nikadhani ananithibitishia mashtaka.

Akaniambia nikae. Alirudi siku nyingine na vitabu vyake akanieleza yote, nami nakupa kama alivyonipa. Zamani sana, kabla ya Wafaransa, waliosema Kilatini walikuwa na maneno mawili, "mbali na macho". Hao walimaanisha asiyeona. Wafaransa wakayabana yakawa neno moja, kisha wakatengeneza kitendo: kumpofusha mtu. Waingereza wakakichukua kitendo hicho, wakakibandika kichwa kipya mbele, na mwanzoni kwao kilikuwa na maana ya kumpofusha mtu akili, kumdanganya mpaka asione pa kwenda. Halafu neno likazeeka likapoa. Upofu ukatoka, yakabaki maneno matamu: kumvuta mtu kwa sifa na ubembelezi mpaka afanye ambalo hakukusudia. Na siku hizi, padri akasema, hutumika hata kwa jambo dogo kabisa, kama mtu aliyejipatia kikombe cha bure kwa kumsifia mwenye hoteli.

"Kwa hiyo Karani Paskali alisema uongo," nikasema.

"Hapana. Hakusema uongo." Akapitisha kidole pembeni mwa ukurasa. "Kamusi huandika pembeni neno limezaliwa wapi. Yeye alisoma pale. Alitumwa amlete mjukuu, akamleta babu."

Nilitaka padri aseme ni uongo. Mwongo ningejua la kumfanya. Huyu alisoma vizuri, alisoma kuliko alivyotakiwa kusoma.

Na neno lilikuwepo, Deo. Hilo ndilo linalonifanya nisage meno mpaka leo. Kurubuni. Mama huyu amewarubuni wafanyakazi. Kila mwenye duka hapa mjini analijua, dereva analijua, anayechukuliwa mfanyakazi wake na jirani analisema bila kufungua kitabu. Angesema hivyo, watu wangeguna, ningelipa faini yangu, ningerudi Kasense nikayatie matuta yangu mbegu, na wewe ungekuwa na mama ambaye hana haja ya kufa.

Nilimfuata Karani Paskali nyumbani kwake. Alikuwa ameshastaafu, anakaa kwenye kiti cha kamba, miwani imefungwa kwa uzi. Sikumwamkia.

"Kwa nini hukusema kurubuni?"

Hakuuliza nazungumzia nini. Alikuwa analikumbuka. "Kurubuni ni neno la sokoni," akasema. "Bwana alikuwa ametumia neno kubwa. Nilitafuta kubwa la kulingana nalo."

"Ulikuwa unalingana na nani?"

Akafuta miwani kwa upande wa shati. Nikamwambia twende kwenye baraza la Mwene, chifu wetu, aseme mbele ya watu kwamba alikosea neno moja, basi. Nitamlipia hata nauli ya baiskeli.

"Mama Deo," akasema, "nimefanya kazi ile maisha yangu yote. Kuna watu walifungwa kwa mdomo wangu. Nikisimama leo nikasema moja lilikuwa kosa, wote watakuja mlangoni hapa kuuliza na lao."

"Na waje."

"Mimi ni mzee."

"Mimi je? Mimi ni nini?"

Mke wake akatoka na uji akaniwekea. Nikaunywa wote mbele yao, taratibu, wakiniangalia, kisha nikaondoka. Aliniogopa, yule mzee. Miaka yote hiyo na vitabu vyake, alikuwa na yeye ameiamini tafsiri yake.

Usifikiri nakuambia haya ili uache kazi. Nenda. Nataka uwepo pale mezani, kati ya Mzungu na mwanamke fulani aliyesimama juani na mtoto mgongoni, ambaye kila alicho nacho kitapita kinywani mwako. Sijui utafanya nini. Najua tu ulichofanya safari yako ya kwanza: waliuliza swali jepesi, mama yako ni nani, ukaenda kutafuta neno la kufaa meza yao. Kabla hujapewa kiti umeshakuwa Paskali.

Na nami nina yangu, nilisema nitajibu. Ulipouliza invego ni nini nilikutuma maji. Nilidhani nikinyamaza, nikapika, nikauza, nikakuvalisha viatu, jina litachakaa lenyewe. Halikuchakaa. Ulilibeba peke yako, mtoto mdogo, bila maana yake, na asiyeambiwa maana hujitungia. Nafikiri kuna siku uliniamini mchawi. Nafikiri ulikuwa unakula chakula changu ukiogopa. Sikuwahi kukuuliza kwa kuwa niliogopa jibu. Ulimi ule uliojibu baraza zima ulishindwa kwa mtoto wa miaka saba. Hasira yangu kwako ni kubwa, Deo, lakini sehemu yake, karibu nusu, nikiipima vizuri naikuta ina jina langu.

Salehe aliniuliza kabla ya kuondoka, awaambie nini kule Mbeya. Nilimwambia asiwaambie kitu. Yeye kazi yake ni kuendesha.

Kesho lori litapakia mbele ya soko. Watu wa Kasense watakuwepo, wamekuja na magunia yao, na mjomba wako, na wale wanawake. Kwa kawaida siku kama hiyo mimi husimama nyuma, karibu na ukuta, nikaangalia nikarudi jikoni. Kesho nitakuja mbele, nitasimama kwenye mlango wa kabini. Hutaniomba msamaha, sina kazi nao. Utaniamkia. Utasema "shikamoo, mama," injini ikiwa inanguruma, kwa sauti ambayo karani wa Mbeya akimwuliza Salehe alisikia nini, Salehe hatakuwa na la kufikiri.

Mimi niliyekuzaa, na bado napumua,

Natalia